Tumbaku ya Virginia inasema kwa sauti ndogo

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa barazani kwetu Malindi, Mji Mkongwe, usiku wa Jumamosi baada ya sala ya Isha. Mvua ya masika iliwazuia wengi, na waliokosa wameomba yaandikwe. Nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa picha zile za ukutani, ambazo hapa hazimo.

Assalaam aleikum wazee wangu, ndugu zangu, majirani zangu.

Kwanza namshukuru mwenye nyumba kwa baraza hili na kwa kahawa hii. Pili, naona watoto wamesharejeshwa majumbani kama nilivyoomba. Ahsanteni sana. Maneno ya leo ni ya watu wazima.

Na kabla sijaenda mbali, kuna jambo nataka kulisema mapema ili lisije likapotea katikati ya hadithi. Tumbaku inadhuru. Moshi wa kiko hauvutwi mpaka kifuani, lakini unakaa mdomoni, na saratani ya mdomo, ya ulimi na ya koo haimuulizi mtu kama aliumeza moshi au hakuumeza. Masheikh wetu wana kauli yao juu ya jambo hili na sikuja kubishana nao. Sikuja kumwita mtu aanze. Nimekuja kwa sababu mliniuliza, tena si mara moja: "Bwana wee, miaka yote hii umekaa na kiko chako dirishani, hebu tuambie, unasikia nini?"

Unasikia nini! Nimelipenda swali hilo kwa namna lilivyoulizwa. Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia ladha. Neno ni lile lile. Tunasema "nasikia utamu", "nasikia harufu ya udi". Waliotuachia lugha hii walijua kwamba kuonja ni kutega, kama mtu anavyotega sikio chumba cha pili kukiwa na wanaozungumza kwa chini. Basi tumbaku ya Virginia, ndugu zangu, hiyo ninayoitia katika kiko changu, ni mtu wa chumba cha pili. Inasema kwa sauti ndogo. Ziko tumbaku zinazopiga kelele, mtu akiwasha huku, jirani wa Funguni anajua. Hii haipigi kelele. Usipotega, utavuta bakuli zima la kiko na kuondoka bila kusikia kitu.

Sasa, sinia ya halua imeshapita? Kila mmoja ana kipande chake? Usile bado, mzee wangu, nakuona. Subiri.

Bana pua yako kwa vidole viwili. Bana hasa. Sasa tia halua mdomoni, tafuna polepole, pua ikiwa imebanwa. Unasikia nini? Utamu. Na nini tena? Ulaini, mtelezo wa samli kwenye ufizi. Basi. Hii ingeweza kuwa halua, ingeweza kuwa uji mzito wa sukari. Haya, achia pua.

Mmesikia? Nimeona nyuso zimebadilika. Hiliki imekuja, zafarani imekuja, kungumanga imekuja, na samli yenyewe imepata jina. Vyote vilikuwamo mdomoni tangu mwanzo. Ulimi haukuvijua kwa sababu ulimi una maneno machache: tamu, chungu, chachu, chumvi, na kile kinono cha supu ya nyama. Majina mengine yote yako kwa pua. Harufu hupanda kutoka kinywani kwa njia ya nyuma, hapa juu ya koo, mpaka puani, na hapo ndipo chakula kinapotambulikana. Ndiyo maana mwenye mafua anakula biriani kama anakula wali mkavu.

Bibi yangu alikuwa mla tambuu. Jani, popoo, chokaa, katu, na kipande cha tumbaku. Nyinyi mliokua Unguja mnakijua kijaluba hicho. Mwisho wa umri wake macho yalikuwa yamechoka, hakuona vyema, nami ndiye niliyetumwa sokoni. Nikirudi na tumbaku yake huifungua karatasi, huipeleka puani, hunyamaza. Siku moja akaniambia, "Mjukuu wangu, rejesha hii. Imelala karibu na vitunguu." Nikarudi sokoni nimenuna, nikamkuta muuzaji na kapu lake la vitunguu chini ya meza ile ile. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Siku hiyo ndipo nilipofahamu kwamba bibi yangu, asiyeona, alikuwa anaona sokoni kuliko mimi.

Kwa hiyo somo la kwanza la kuonja tumbaku halina moto ndani yake. Fungua mkebe, inamisha pua, nyamaza. Virginia changa, ya rangi ya manjano, ina harufu ya nyasi zilizokatwa juzi zikakaukia juani. Halafu ganda la chungwa, au ndimu. Ile iliyoiva zaidi, ya rangi nyekundu ya matofali, ina harufu ya ganda la boflo linapotoka tanuri, tende, sukari guru. Na iliyoshindiliwa ikakaa huja na siki, siki hasa, ya kukupandia puani. Wengi wakisikia siki hiyo mara ya kwanza hudhani mzigo umeoza. Haujaoza. Ni jani lililochachuka kidogo likiwa limebanwa na majani mengine, na siki hiyo mkebe ukipumua hupungua, utamu ukabaki.

Sasa tuulizane: utamu huo umetoka wapi? Nani kautia? Zipo tumbaku zinazotiwa utamu, hilo ni kweli, zikapakwa shira, vanila, cheri, rangi rangi. Harufu yake chumbani ni nzuri, na wake zetu huzistahamilia zaidi. Lakini mimi nasema wazi, anayefaidi pale ni aliyekaa kiti cha pili. Mvutaji mwenyewe anapata maji ya moto yenye manukato. Virginia safi haikupakwa. Sukari yake imetoka ndani ya jani.

Nilikwenda kulitafuta jibu la swali hili Urambo, mkoa wa Tabora, kwa shemeji yangu anayelima huko. Urambo, mnakumbuka, ni moja ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Karanga zilikataa. Tumbaku ikakubali, na tumbaku hiyo ni Virginia.

Siku ya pili ya safari nikaamka alfajiri nikasema nami nitachuma. Jani la Virginia halivunwi mti mzima kwa mara moja. Unaanza na ya chini, yaliyokwisha kuiva, mawili matatu kwa kila mti, wiki ijayo unapanda juu kidogo, hivyo hivyo mpaka kileleni. Ya chini huwa mepesi, ya katikati ndiyo mapana na matamu, ya juu mazito yenye nguvu. Mchanganyaji wa tumbaku anapokwambia hii ni laini na hii ina nguvu, mara nyingi anakwambia jani lilikaa ghorofa ya ngapi. Basi nikachuma. Kulikuwa na umande mwingi, mikono mitupu, shati la mikono mifupi. Kufika saa tatu asubuhi kichwa kinazunguka, tumbo limechafuka, natapika kando ya matuta. Nilidhani ni malaria. Shemeji akasema, "Hapana bwana, ni tumbaku hiyo." Nikotini huyeyuka katika umande na kuingia mwilini kwa ngozi. Wachumaji wanaipata kila msimu, na watoto wanaosaidia mashambani wanaipata vibaya zaidi. Mimi nililala siku moja nikapona. Wao kesho yake walirudi shambani. Tangu siku hiyo sijawahi kufungua mkebe bila kuikumbuka ile mikono.

Jioni akanipeleka kwenye bani. Ndivyo wanavyoiita nyumba ya kukaushia. Nyumba ndefu ya matofali, kwenda juu, majani yamefungwa kwenye fito na kutundikwa safu juu ya safu. Nje pana tanuri, na bomba linapita ndani likizunguka sakafu. Moshi unatoka nje. Joto peke yake ndilo linaloingia. Moshi haugusi jani hata chembe, shikeni hilo, maana ndiyo tofauti yake na tumbaku ya moshi inayolimwa kule Ruvuma.

Sisi wa visiwani tunajua kukausha. Nani hapa hajawahi kuanika karafuu juu ya jamvi, akatazama wingu, akakimbia? Karafuu ikilala na maji inafura na kupauka, bei inaanguka. Kwenye bani ni wasiwasi ule ule, ila jua umelibeba wewe mwenyewe mkononi. Siku za mwanzo joto ni dogo, kama nyuzi 35 mpaka 40, na hewa ina unyevu. Jani bado li hai, jamani. Limekatwa lakini li hai, linapumua. Na katika kupumua huko linaugeuza wanga wake kuwa sukari, na rangi ya kijani inaondoka, manjano inaingia. Hapo msimamizi halali. Akichelewa, jani litaendelea kupumua mpaka liile sukari yake lenyewe, liwe la kahawia. Akiwahi, kijani kitabaki na utasikia ukakasi wake kwenye ulimi. Pale pale manjano ilipotimia ndipo anapoongeza kuni, joto linapanda kwenye 50 na kitu, jani linakufa na sukari yake ndani. Mwisho linafikia nyuzi 70 hivi, kukausha mshipa wa katikati. Kazi nzima ni kama wiki moja.

Linganisheni na tumbaku nyengine, Burley, inayotundikwa kivulini kwenye hewa tu, wiki nyingi. Ile hufa polepole, na katika kufa kwake huimaliza sukari karibu yote. Ndiyo maana Burley ina ladha ya karanga na kakao, kavu, haina utamu. Majani mawili, mmoja kafa kwa haraka na mwengine kwa taratibu, basi mdomoni ni watu wawili tofauti.

Na kuni zile zinatoka wapi? Miombo. Nimeona magogo yamepangwa nje ya bani marefu kuliko bani. Shemeji amepanda miti yake, wengine hawajapanda. Utamu huu una deni msituni, na nisingekuwa mkweli kwenu kama ningelikaa kimya.

Kuna hadithi moja ya moto huo ambayo nataka muisikie hapa, Mji Mkongwe, kuliko mahali pengine popote. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell, North Carolina, Marekani, kijana mmoja aliyeitwa Stephen aliachwa usiku kulinda moto wa kukaushia tumbaku. Alikuwa mtumwa katika shamba la Abisha Slade, na kazi yake nyengine ilikuwa uhunzi. Usiku ule alipitiwa na usingizi. Akashtuka, moto umekaribia kuzimika na kuni zimerowa. Akakimbia kwenye makaa ya uhunzi wake, akayatupa motoni. Joto likapanda ghafla, kali, bila moshi mwingi. Asubuhi majani yalikuwa ya manjano kama dhahabu. Tumbaku ile ikauzwa kwa bei kubwa, na njia ile ikaenea. Baadaye yakaja mabomba mahali pa makaa, na hiyo ndiyo bani niliyoiona Urambo.

Sasa hebu tujiulize sisi tuliokulia hatua chache kutoka Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Stephen alipata nini? Tajiri aliyetajirika alikuwa Slade. Stephen mara nyingi hutajwa kwa jina moja tu. Mimi nimekaa na vitabu vya tumbaku vinavyotaja majina ya makampuni, ya matajiri, ya wafalme. Nasema kila manjano mnayoiona kwenye mkebe ni kazi ya kijana huyu. Mkinusa, mtajeni.

Jina Virginia limetoka zaidi nyuma. Mwaka 1612 Muingereza John Rolfe alipanda Jamestown, katika koloni la Waingereza la Virginia huko Marekani, mbegu alizozipata kutoka upande wa makoloni ya Wahispania, kwa sababu tumbaku ya asili ya pale ilikuwa kali mno kwa Waingereza. Leo Virginia ni jina la aina ya jani na namna ya kulikausha. Inalimwa Brazil, Zimbabwe, India, China, na hapo ng'ambo tu, Tabora.

Juu ya michanganyo sitakaa sana, maana hilo lingetufikisha alfajiri. Yashikeni haya machache. Iko Virginia peke yake, manjano kwa nyekundu, na hapo ndipo ninapopenda kukaa mimi. Iko Virginia na Perique. Hii Perique ni kiajabu: inatoka wilaya ya St. James, Louisiana, kipande kidogo tu cha ardhi. Majani yanashindiliwa ndani ya pipa, yanabanwa kwa shinikizo, yanachachuka kwenye maji yao wenyewe, yanatolewa, yanageuzwa, yanarudishwa, muda wa mwaka hivi. Yakitoka ni meusi, yana harufu ya zabibu na tini, na pilipili manga inayokupandia puani. Haivutwi peke yake, ni kama achari kwenye sahani, unatia kidogo na wali wote unaamka. Na iko ile ya Latakia, jani lililopigwa moshi wa kuni, jina lake ni la bandari ya Syria. Mle Virginia inakaa chini, inabeba. Mvutaji anasikia moshi kwanza, lakini toa Virginia uone: kitabaki kitu kama kuvuta turubai.

Pia nyingi mnazoziona haziji zimekatwakatwa. Zinashindiliwa kuwa mkate mgumu, halafu mkate unakatwa vipande bapa, vyembamba. Kubanwa kunayalazimisha majani kupeana mafuta na sukari. Mji wa Kendal, kaskazini ya Uingereza, umejulikana kwa kazi hiyo tangu zamani, kampuni ya Samuel Gawith ilianza pale mwaka 1792. Kipande cha Full Virginia Flake chao ndicho kilichonitia katika mambo haya, nikiwa baharini.

Hapo nifike sasa, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha usiku huu.

Nilikuwa kijana wa jikoni kwenye meli ya mizigo. Fundi mkuu wa mashine alikuwa mvuta kiko, mtu wa maneno machache sana. Alinikuta nyuma ya meli na kiko cha bei rahisi, natoa moshi kama bomba la meli yenyewe. Ulimi wangu ulikuwa umebabuka wiki nzima, chakula hakina ladha. Nilikuwa nimeamua kwamba tumbaku ya Virginia ni mbaya. Akanitazama akasema, "Wewe unapuliza jiko." Akakichukua kile kiko mkononi mwangu. Kilikuwa cha moto, hakishikiki. "Ulichokuwa unaonja ni huu moto. Tumbaku hujaionja bado."

Jioni yake akaniita. Akatoa kipande kimoja, akakivunjavunja juu ya karatasi, akakiacha. Tumekaa kimya. Robo saa, nusu saa. Mimi nadhani amesahau. Nikamuuliza tunangoja nini. Akasema, "Maji yatoke."

Fahamuni jambo hili, maana ndilo linalowashinda wengi. Virginia ina sukari nyingi, nayo huwaka kwa joto kali. Ikiwa mbichi, maji yake yanakuwa mvuke, na mvuke ndio unaobabua ulimi, kama kunywa chai kwenye mdomo wa birika. Tumbaku kutoka mkebeni mara nyingi ina maji kupita kiasi. Na hapa kwetu, masika kama hii, hewa yenyewe ni maji! Ulaya wanaiacha dakika kumi na tano. Mimi hapa Malindi naiacha saa nzima, na siku kama ya leo naitia juu ya sahani karibu na taa. Naijuaje kama iko tayari? Naibana kwa vidole. Ikishikana ikabaki donge, bado. Ikivunjika unga, umechelewa. Ikibanwa kisha ikafunguka yenyewe taratibu, haya, jaza.

Jaza bila kushindilia sana, hewa ipite. Washa kwa kijiti cha kibiriti, ukingoje kwanza baruti iungue. Viberiti vya petroli vinatia ladha yake. Moto wa kwanza utayafurisha majani, yatainuka. Yakandamize kidogo, washa tena. Kuanzia hapo kazi yako ni kutokuwa na haraka.

Yule fundi alinitilia kahawa, chungu, kikombe kidogo. Akasema, "Tama moja, pumzi moja." Nami nikacheka moyoni, kwa sababu hilo nilikuwa nalijua kabla sijajua kusoma. Nani hapa anagugumia kahawa chungu? Umemuona lini mtu barazani akaifundisha kahawa kukimbia? Unachukua tama, unaiweka mdomoni, unasikiliza mwenzako anasema nini, unachukua tama nyengine. Kiko cha Virginia kinavutwa hivyo hivyo. Vuta kidogo, kidogo hata ukadhani kimezimika. Kikizimika, kiwashe tena, hakuna aibu yoyote. Kiko kikiwa cha moto mkononi, kiweke chini. Na moshi ulioko mdomoni, uachie kidogo tu utokee puani, kwa upole, bila kuupeleka kifuani. Ile ile njia ya halua mliyoipita hivi punde.

Na hapo, usiku ule, nyuma ya meli, nikasikia. Kwanza ndimu, na kitu kama nyasi. Nikanyamaza. Katikati ya bakuli ikaja boflo. Wallahi, boflo la moto lililopakwa siagi, la asubuhi, na mimi sijafika nyumbani miezi minane. Theluthi ya mwisho ikawa nzito, sukari guru inayokaribia kuungua, na pilipili kidogo kwenye ncha ya ulimi. Jani moja, kampuni moja, bakuli moja, lakini hadithi ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Tulikaa saa nzima na hatukusema maneno kumi.

Mliniuliza nasikia nini. Nasikia hayo. Siku nyengine sisikii, kwa sababu nina mafua, au nimekula kachumbari yenye vitunguu vingi, au nina hasira na mtu. Kwa hasira Virginia haisemi kabisa.

Neno juu ya kuhifadhi, halafu namaliza. Virginia huzeeka vizuri kwa sababu ya sukari ile ile. Ikifungwa pasipopita hewa, miaka inaiondolea ukali, siki inatulia, matunda makavu yanajitokeza. Lakini hewa ya pwani yetu ni adui wa mkebe. Niliweka mikebe miwili kabatini mwaka mmoja, chumba kinachotazama bahari. Baada ya miaka sita nikafungua wa kwanza: chumvi imetoboa bati kwa chini, tundu dogo kama la sindano, na ndani nimekuta majani makavu yasiyo na harufu hata ya vumbi. Nilisikitika kama niliyepotelewa na barua. Mkebe wa pili ulikuwa mzima kwa bahati tu. Tangu hapo nahamishia kwenye mitungi ya kioo yenye mfuniko wa mpira, mipya. Nasema mipya kwa kusudi, kwa sababu mtungi uliowahi kutiwa achari ya ndimu hauisahau achari, uoshe utakavyoosha.

Basi, mezani hapo ipo mitungi mitatu. Hatutawasha kitu humu ndani, mwenye nyumba ana mjukuu mchanga juu. Leo ni pua peke yake. Wa kushoto ni manjano ya mwaka huu. Wa katikati ni nyekundu, imeshindiliwa. Wa kulia ni ule mkebe uliosalimika, niliouhamishia mwenyewe. Njooni wawili wawili, wazee kwanza. Anzeni kushoto. Mkimaliza mtungi mmoja nuseni mkono wa kanzu yenu wenyewe, pua ipumzike, kisha mwende wa pili. Na asiseme mtu alichosikia mpaka wote wapite, maana mmoja akisema tende, kila mtu atasikia tende.

Karibuni. Mzee wangu, wewe uliyeila halua kabla ya wakati, anza.